Ekari Mbili za Kosele na Shahada ya Usimamizi wa Anga

Barua imetufikia kutoka Kosele, kule kaunti ya Homa Bay, mbali na upepo wa bahari. Aliyeiandika ni dada yetu aliyezaliwa na kulelewa Mombasa, akaolewa na Mwislamu wa upande wa ziwani, akahamia naye huko, na sasa ni mwaka wa pili tangu mumewe kutangulia mbele ya haki. Jarida hili humfikia kwa mkono wa nduguye aliyeko Majengo. Ametupa idhini ya kutaja mahali, si majina. Tumeona tumjibu hapa, tena kwa urefu, maana swali lake si lake peke yake. Twazijua nyumba kadhaa za Malindi, za Lamu na za Kwale ambamo mtoto ana barua ya udahili mkononi na mzazi ana hatimiliki ya shamba chini ya sanduku.

Kisa chenyewe ni hiki. Binti yake mkubwa ana miaka 26. Alisoma shahada ya kwanza ya biashara, akapata kazi katika kampuni inayohudumia abiria na mizigo kwenye uwanja wa ndege, na huu ni mwaka wake wa tatu kazini. Sasa amekubaliwa na chuo kikuu kimoja cha Uingereza kusoma uzamili wa usimamizi wa usafiri wa anga kwa mwaka mmoja. Wakala aliyemtafutia nafasi anahimiza amana ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi, ama sivyo nafasi itakwenda kwa mwingine. Marehemu aliacha ekari tatu, viazi vitamu upande mmoja na mahindi upande wa pili, na mnunuzi wa ekari mbili amekwisha patikana. Nyuma ya binti huyu wapo mvulana wa miaka 22, mwingine wa miaka 16, na kitinda mimba msichana wa miaka 12. Mama anauliza: niuze?

Neno hilo dogo limebeba maswali mawili, na watu huyafunga kitita kimoja. La kwanza ni la elimu: je, shahada hii inamfaa mtu huyu kwa wakati huu? La pili ni la mali: pesa hizo ni za nani? Tutaanza na la kwanza, kwa kuwa ndilo mama aliloulizia majirani na kila mmoja akamjibu kwa dhana yake.

Wengi wetu tukisikia masomo ya anga, mawazo hukimbilia kwa rubani. Hutajiwa Kapteni Irene Koki Mutungi, rubani wa kwanza mwanamke wa Kenya Airways, ambaye mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza barani Afrika kuwa kapteni wa ndege aina ya Boeing 787. Sifa hiyo ni yake kwa haki, lakini si njia anayoifuata binti wa Kosele. Rubani ni nahodha wa chombo. Na wazee wetu walijua vyema kwamba jahazi halikufika Maskati kwa nahodha peke yake. Kulikuwa na mtu bandarini aliyejua lini kaskazi itapisha kusi, shehena ipi ipakiwe kwanza na ipi iachwe, forodhani patatozwa kiasi gani, na ni nani wa kudaiwa mzigo ukilowa. Kazi hiyo ndiyo leo huitwa usimamizi wa usafiri wa anga, ila shehena ni watu, na misimu ni ya watalii, ya likizo na ya Hija. Wasomaji wetu waliojaaliwa kuhiji wamepita Jeddah katika jengo la mahujaji lililofunguliwa mwaka 1981, lile lenye paa mfano wa mahema. Kila ndege iliyotua pale ilipangiwa saa yake, mahali pake pa kuegesha na mabasi yake na watu ambao hujaji hakuwaona.

Tuna mfano wa hapa nyumbani ulio bora zaidi. Mwezi Februari 2017 Marekani iliipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikarusha ndege yake ya kwanza ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi New York. Magazeti yalipiga picha ya ndege. Kazi iliyotangulia haikupigwa picha: sheria kupitiwa, wakaguzi kufunzwa, abiria wanaowasili kutengwa na wanaoondoka pale uwanja wa Jomo Kenyatta, ulinzi kukaguliwa tena na tena na wageni wasiosamehe kosa. Huo wote ni usimamizi wa anga. Mtu mwenye akili, subira na macho ya kuona kilicho nje ya mstari ana nafasi ndani yake, awe mwanamume au mwanamke, na hatuoni ndani ya kazi hiyo lolote la kumzuia binti wa Kiislamu. Jirani aliyesema kwamba ndege si kazi ya mwanamke amesema kwa kutojua kazi yenyewe.

Basi fani ni njema. Lakini wema wa fani haujibu swali la binti huyu. Lazima tutazame mlango wa kuingilia kazini, na hapa ndipo wazazi wengi hupotezwa na jina kubwa la shahada.

Katika usafiri wa anga milango mikubwa ni miwili. Upo mlango wa leseni, nao ni wa mwongoza ndege, fundi wa ndege na mpangaji wa safari. Hapo huulizwi una uzamili wa wapi, huulizwa leseni. Kwa baadhi ya kazi hizo mafunzo yapo Embakasi, katika Chuo cha Usafiri wa Anga cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1954 na ambacho leo kiko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kisha upo mlango wa uongozi, na huu haufunguliwi kwa shahada ya anga peke yake. Titus Naikuni, aliyeiongoza Kenya Airways kuanzia mwaka 2003 hadi 2014, alikuwa mhandisi aliyepata kuiongoza kampuni ya magadi ya Magadi na kuwa katibu mkuu wizarani. Mbuvi Ngunze aliyempokea usukani alitoka katika kampuni ya saruji. Hatuwataji kuonyesha kwamba elimu ya anga haina maana. Twawataja ili mama ajue kwamba anayeajiri meneja hutazama kwanza mtu alisimamia nini na akakifikisha wapi.

Vyuo vyenyewe vinalijua jambo hili. Chuo cha City cha London kwa miaka mingi kimefundisha uzamili wa usimamizi wa anga kwa vipindi vya siku chache chache, mwanafunzi akija, akisoma, akirudi kazini kwake, kwa kuwa masomo hayo yalitungwa kwa ajili ya watu walio ndani ya kazi. Embry-Riddle ya Florida, chuo mashuhuri cha anga huko Marekani, hufundisha uzamili kwa njia ya intaneti watu waliotawanyika duniani kote. Hata Cranfield, chuo kilichozaliwa mwaka 1946 kikiwa chuo cha sayansi ya ndege, hakiufundishi usafiri wa anga kama hadithi. Hufundisha kwa mifano ya mashirika na viwanja vya kweli, na anayekaa darasani huku amekwisha ona zamu ya usiku ikiharibika kwa sababu ya gari moja la mizigo lililokwama hufaidi mara mbili ya asiyeona.

Hapo binti wetu ana jambo la kujivunia, na amelidharau. Miaka mitatu kwenye kaunta na uwanjani ndiyo mtaji wake. Ametuma nakala ya barua yake ya maombi, nasi tumeisoma. Ameandika mengi juu ya ndoto yake na mstari mmoja tu juu ya kazi yake! Angeandika namna mizigo ya abiria wa kuunganisha ndege inavyopotea, nani hulaumiwa, na yeye angefanya nini, ungekuwa wasifu wa mtu ambaye mfadhili humtafuta. Lakini miaka hiyo mitatu ni ya ngazi ya chini. Akiiacha kazi leo na kurudi baada ya mwaka na uzamili, twahofia atarudishwa kwenye kaunta ileile, au asipate hata hiyo, kwa kuwa hajawahi kusimamia zamu wala kushika faili la usalama. Angekaa mwaka mmoja au miwili zaidi, akaomba kuhamia idara ya usalama au ya uendeshaji, akafanya kozi fupi Embakasi, shahada hiyohiyo ingemfungulia alichotaka.

Pia ajue kwamba anga ni soko lenye dhoruba. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha safari za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, zikarejea tarehe 1 Agosti. Mwaka ule Kenya Airways ilipata hasara ya shilingi bilioni 36.2. Kwa mwaka 2024 shirika lilipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya mwongo mmoja, watu wakashangilia, na nusu ya kwanza ya mwaka 2025 hasara ikarudi. Jetlink, iliyokuwa ikiruka hata Kisumu, ilisimama mwaka 2012. Mwenye mshahara anaweza kuingojea dhoruba ipite. Aliyeuza shamba kwa ajili ya soko hilo hana pa kungojea.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana barua ya wakala imetaja ada peke yake na mengine ikayanyamazia. Tusimlaumu kupita kiasi. Mawakala wengi hulipwa kamisheni na chuo pindi mwanafunzi anapojiandikisha, na mtu hufuata mkate wake. Ila mama na ajue kwamba haraka ile ni ya nani.

Ada ya mwanafunzi wa kigeni kwa fani hii Uingereza kwa kawaida hupita pauni 20,000. Juu yake, kwa kanuni zilizoanza Januari 2025, anayesoma nje ya London alitakiwa mwaka huo kuonyesha kwamba ana pauni 1,136 kwa kila mwezi hadi miezi 9, yaani pauni 10,224. Yapo malipo ya huduma ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, na kwa viza ya uzamili wa mwaka mzima, kwa kuwa viza hupita mwaka, hufika pauni 1,164. Ada ya viza yenyewe imepita pauni 500. Jumlisha yote, piga kwa shilingi 170 au zaidi kwa pauni moja, utaona umepita shilingi milioni 5.4 kabla ya kununua tiketi wala koti la baridi. Viwango hivi hupandishwa karibu kila mwaka, na havijapata kushushwa kwa ajili ya mtu wa Kosele.

Kuna jambo lingine ambalo familia zetu hugongana nalo dakika ya mwisho. Sisi huchangishana. Mjomba wa Dubai ana kiasi, khalati ana kiasi, mchango wa jumuiya una kiasi, na kila mmoja hudhani barua yake ya ahadi inatosha. Ubalozi haukubali hivyo. Pesa zinatakiwa ziwe katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wake wa kisheria, na zikae humo siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango. Pesa ya mjomba haihesabiwi mpaka iwe imehama.

Wapo wanaomwambia mama kwamba binti atafanya kazi hukohuko na kuirudisha pesa. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo. Hizo humnunulia chakula, hazirudishi shamba. Baada ya kuhitimu alikuwa akiruhusiwa kubaki miaka 2 kutafuta kazi, nao watakaoomba ruhusa hiyo kuanzia Januari 2027 wamepunguziwa hadi miezi 18. Na kwa wasomaji wetu walioolewa: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kawaida wa darasani hawezi kumchukua mume, mke wala watoto kama wategemezi. Mama mwenye mtoto mchanga na aliyetia nia ya masomo hayo alijue hilo kabla ya kulipa chochote.

Twafika sasa kwenye swali la pili, ambalo kwetu ndilo zito zaidi. Shamba ni la nani?

Mama ameandika "shamba langu", na twaelewa moyo wa neno hilo, maana ameupinda mgongo pale miaka mingi. Lakini marehemu hakuacha shamba kwa mke. Aliliacha kwa warithi. Kwa maelezo ya barua, marehemu hakuacha mzazi aliye hai wala mke mwingine. Zikishatolewa gharama za maziko, madeni, na wasia usiozidi theluthi kama upo, mjane hupata thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili. Tuifanye hesabu kwa ekari zile tatu. Mama ana robo ekari na nusu ya robo, yaani 0.375. Kila mvulana ana 0.875. Kila msichana ana 0.4375. Binti anayetaka kusafiri ana chini ya nusu ekari.

Tuseme mama atoe fungu lake lote kwa hiari, na kaka wa miaka 22, aliyekwisha baleghe na mwenye akili timamu, atoe lake lote kwa hiari, na binti aongeze lake. Jumla ni ekari 1.6875. Haifiki ekari mbili! Kilichobaki kinachukuliwa kutoka kwa mvulana wa miaka 16 na msichana wa miaka 12, ambao hawajaulizwa, na hata wakiulizwa wakasema ndiyo, tusiharakie kuichukua ndiyo hiyo. Msichana wa miaka 12 hana idhini ya kuuza ardhi yake. Na mvulana, ijapokuwa fiqhi humtazama kwa baleghe na uongofu wake katika mali, kwa sheria ya nchi bado ni mtoto.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mama hana uwalii wa mali ya mwanawe mdogo kwa kuwa tu ni mama. Huupata akiwa ameusiwa na baba au amewekwa na Kadhi. Na huyo aliye na uwalii, ardhi ya yatima haiuzi ila kwa haja ya yatima mwenyewe au faida iliyo dhahiri kwake. Masomo ya dada mkubwa, hata yawe mema namna gani, si haja ya yatima. Tumewasikia wanaosema kwamba dada akifaulu atawainua wadogo zake wote. Huenda, nasi twamuombea. Lakini huo ni mradi, na mali ya yatima haiwekwi katika mradi wa mtu mwingine bila ya dhamana.

Sheria ya nchi nayo inasema jambo lililo karibu na hilo. Kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya mahakama kumweka msimamizi wa mirathi ni kosa la jinai. Shamba la kilimo, zaidi ya hayo, haliuzwi ila kwa kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mauzo yasiyo na kibali ni batili. Kwa hivyo yule mnunuzi anayetaka kulipa haraka kwa karatasi ya kuandikiana mbele ya mashahidi wawili, ama hajui, ama anajua zaidi ya mama.

Kijana wa miaka 22 amependekeza mkopo wa benki mahali pa shamba. Mkopo wa riba hatuna la kuongeza juu yake, hukumu yake yajulikana. Tungemwambia pia kwamba milioni tano na ushei kwa mshahara wa kaunta ni deni ambalo lingemfuata dada yake mpaka nyumbani kwa mumewe.

Lipo na suala la safari ya binti peke yake, ambalo mama amelitaja kwa woga mwishoni mwa barua. Wanazuoni wamehitilafiana. Wapo walioshikilia mahramu katika kila safari ya mwanamke, na wapo, hasa wa zama hizi, waliotazama usalama wa njia, wa makazi na wa wenziwe. Hatutaficha kwamba sisi twaelekea kwa hao wa pili pale masharti yanapotimia kweli, na si kwa maneno. Binti ana shangazi Leicester? Anakwenda kukaa na nani? Msikiti uko umbali gani? Hayo yajibiwe kwa anwani na nambari za simu, si kwa "Mungu atasaidia". Ama wale wanaomwambia aolewe kwanza ndipo asome, hatuwaungi mkono. Ndoa haicheleweshwi na kitabu, na kama tulivyoona, mume mwenyewe asingeruhusiwa kuandamana naye.

Dada yetu, jibu letu basi si la kumkatalia mwanao. Twasema asiende mwaka huu kwa pesa hizi. Abaki kazini, aombe chuo kiahirishe nafasi yake hadi mwaka unaofuata, jambo ambalo vyuo vingi hulikubali, na mwaka huo autumie kutafuta mfadhili.

Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza umetengenezwa kama kwamba ni kwa ajili ya mtu mfano wake. Hulipa ada, nauli na posho kwa uzamili wa mwaka mmoja. Hutaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, au saa 2,800, nao anao. Hutaka achague kozi tatu. Humlazimu arejee nyumbani kwa muda usiopungua miaka 2 baada ya masomo, sharti ambalo wengine hulikimbia na mama wa Kosele atalipenda. Maombi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Agosti na kufungwa mwanzoni mwa Oktoba. Serikali ya Uturuki nayo ina ufadhili ambao kwa uzamili hutaka mwombaji awe chini ya miaka 30, huongeza mwaka wa kujifunza Kituruki, na maombi yake huwa Januari na Februari. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah imekuwa ikisaidia wanafunzi wa jamii za Waislamu katika nchi zisizo wanachama wake, Kenya ikiwamo, tangu mwaka 1983. Nafasi hizi hushindaniwa na maelfu, na huenda akakosa mara ya kwanza. Ajaribu tena, mshahara ukiwa unaingia.

Na asipopata kabisa, mlango haujafungwa. Dubai kuna Chuo Kikuu cha Anga cha Emirates, na familia nyingi za pwani zina jamaa huko wa kumpokea binti. Au asome kwa intaneti jioni jioni, kwa malipo ya muhula kwa muhula kutoka katika mshahara wake. Kabla ya kulipa chuo chochote cha nje aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa Kenya kama shahada yake itatambuliwa. Twawajua vijana waliouliza swali hilo baada ya kuvaa joho.

Istikhara aiswali, bila shaka, na mama naye pamoja. Watu wengine huifanya istikhara kuwa kungojea ndoto, wakaota ndege wakaondoka. Istikhara huambatana na kuulizia na kushauriana. Na wa kushauriwa hapa wa kwanza ni msimamizi wake wa kazi, ambaye binti anasema hajamwambia lolote. Amwambie. Huenda kampuni ikamchangia, huenda ikampandisha, huenda ikamwambia kweli ambayo sisi tulio mbali hatuijui.

Kuhusu shamba, asikubali kupokea hata shilingi ya kishika mkono. Aende kwa chifu apate barua inayowataja warithi wote watano, yeye mwenyewe na watoto wanne, kisha aichukue pamoja na cheti cha kifo na nakala ya hatimiliki mpaka Mahakama ya Kadhi, Kisumu. Hiyo ni safari ya asubuhi moja kutoka Kosele. Wadogo wakishaandikiwa mafungu yao, wakubwa wakitaka kumkopesha dada yao sehemu ya walicho nacho ni hiari yao, na iandikwe, itajwe muda wake, washuhudie watu. Mnunuzi akirudi kabla ya hapo, aambiwe kwamba wenye shamba wawili hawajafika umri wa kuuza.